Kuisikia Nairobi ya 1925

Masks of Nyarlathotep ni kitabu kilichotungwa kwa ajili ya mikono. Kampuni ya Chaosium ilikitoa mara ya kwanza mwaka 1984, kikiwa ndani ya boksi, na utajiri wake mkubwa ulikuwa kwenye karatasi za kugawa: vipande vya magazeti, telegramu, barua za siri, kadi za wafanyabiashara, hata kiberiti cha baa ya Stumbling Tiger iliyoko Shanghai. Mwendesha mchezo huzikata kwa mkasi na kuziweka mezani moja moja. Mchezaji huiokota, huigeuza nyuma, huiinua kuelekea taa, humsogezea mwenzake. Larry DiTillio na Lynn Willis, watunzi wake, waliujua vizuri ukimya unaoingia chumbani watu wanne wanapoinamia karatasi moja, na kisa chao kinautegemea ukimya huo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mimi ninakiendesha kitabu hiki kwa watu ambao hawajawahi kukaa wote pamoja chumba kimoja.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na michezo ya namna hii, maelezo mafupi yatatosha. Call of Cthulhu, mchezo uliotungwa na Sandy Petersen mwaka 1981 kutokana na hadithi za kutisha za Mmarekani H. P. Lovecraft, huchezwa kwa kusimuliana. Mmoja ndiye mwendeshaji: anaeleza mahali, anawasemea watu wote wanaokutwa njiani, na siri zote anazo yeye. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, kwa kawaida mtu wa kazi za kila siku kama mwandishi wa habari, daktari au karani, naye ndiye anayeamua mhusika huyo aseme nini na aende wapi. Jambo likiwa na mashaka, dadu zinarushwa kupata namba kati ya 1 na 100; namba isipozidi kiwango cha ustadi wako, umefaulu. Hakuna anayeshinda. Kuna wanaorudi nyumbani na akili zao, na kuna wasiorudi nazo.

Masks ni kisa kirefu ndani ya mchezo huo. Januari 1925, mwandishi aitwaye Jackson Elias anauawa hotelini New York, na rafiki zake wanafuata nyayo zake hadi London, Cairo, Nairobi na Shanghai, wakichunguza msafara wa tajiri Roger Carlyle uliotoweka Kenya mwaka 1919. Sura ya Australia, ambayo haikuingia katika boksi la kwanza, ilirudishwa mahali pake mwaka 1996. Toleo la mwaka 2018 lina juzuu mbili, kurasa zaidi ya 600, na limeongezewa utangulizi unaoanzia Peru. Ndilo ninalolitumia.

Kundi letu lina binamu yangu anayefanya kazi Muscat, kijana wa Dar es Salaam anayetengeneza programu za simu, muuguzi anayeishi Minneapolis, na baba wa muuguzi huyo, mwalimu mstaafu wa historia aliyeko Kapsabet. Sote tunamwita Mwalimu, na kila kikao kinaanza kwa shikamoo yake. Alijiunga kwa sababu binti yake alimweleza kwamba Jumamosi ndiyo siku ambayo hapangiwi zamu, na mzee akaona afadhali akae naye ndani ya hadithi kuliko kupigiana zile simu za kuulizana hali na kuagana. Mimi niko Nairobi. Tunaanza saa tatu usiku kwa saa za kwetu; Muscat wanakuwa saa nne, na Minneapolis ni saa saba mchana, ila Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa sita. Hili si jambo dogo. Anayeendesha mchezo wa kutisha lazima akumbuke kwamba mmoja wa wasikilizaji wake ana jua dirishani. Muuguzi wetu hufunga mapazia kabla hajajiunga, na nimemshukuru kwa hilo zaidi ya mara moja.

Ukimwambia mtu kwamba unahamishia kitabu kama hiki mtandaoni, wazo linalomjia kwanza ni ramani. Programu zenyewe zinamsukuma huko. Roll20, iliyoanza mwaka 2012, na Foundry, iliyotoka mwaka 2020, zote zimejengwa kuuzunguka ubao wa picha: unapandisha ramani, unaweka alama za wahusika juu yake, unafunika vyumba kwa giza na kuvifunua mlango ukifunguliwa. Kwa Dungeons & Dragons, mchezo mama wa mwaka 1974, ambamo mapigano hupimwa kwa miraba, ubao huo ni msaada wa kweli. Na Masks ina ramani nzuri, mojawapo ikiwa ya duka la Ju-Ju House huko Harlem na yale yaliyofichwa chini yake. Lakini ramani ya kitabuni huchorwa kwa ajili ya macho ya mwendeshaji: ina herufi, ina majina ya vyumba, ina mlango wa siri uliowekewa alama. Kabla haijaonyeshwa kwa mtu inabidi isafishwe, kisha ipunguzwe uzito ifunguke kwenye simu ya mtu anayetumia bando. Kazi hiyo niliifanya, nayo inafanyika. Nilichokiona baada ya kuifanya ndicho kilichobadilisha mwelekeo wangu wote. Ramani ikiwa mbele yao, wachezaji walisogeza alama na kuniuliza umbali. Ilipotoka, waliniuliza kunanuka nini, nani amesimama karibu na mlango, na kama yule mwenye duka amegundua kwamba tumeangalia zulia. Yale maswali ya pili ndiyo mchezo. Nimebakiza ramani moja tu, ya safari zenyewe, yenye njia za meli na reli, kwa sababu watu hupenda kubishana juu yake.

Kwa hiyo kilichobaki ni sauti. Huo ndio msimamo wangu sasa baada ya kuishi na kitabu hiki: ukiiondoa meza, sikio linabaki peke yake, na kazi ya anayehamisha ni kuyapeleka yote kwenye sikio, kisha kuamua ni sauti za nani zitakazosikika.

Chukua zile karatasi. Kuna mkusanyo mmoja wa maandishi ambayo Elias aliyaacha kutoka Nairobi, marefu, yenye majina na madokezo mengi. Mezani yanagawanywa, kila mtu anasoma kipande chake kimyakimya, na baada ya muda mmoja anasema, "Hebu ngoja, huyu nimemwona mahali." Mtandaoni ukituma ukurasa huo kama picha, unachokipata ni watu wanne wanaosoma wakiwa mbalimbali, kwa mwendo tofauti, mwingine kwenye kioo kidogo cha simu, na ukimya mrefu ambao hakuna anayejua umefika wapi. Niliyavunja maandishi hayo vipande vipande na kuyatafsiri kwa Kiswahili. Kisha kila kipande nilimtumia mchezaji mmoja faraghani kabla ya kikao, nikimwomba akisome kwa sauti wakati wake utakapofika, kana kwamba ameketi Nairobi usiku anasoma daftari la marehemu. Wenzake hawakuwa nacho machoni. Walilazimika kusikiliza, kuuliza, kuomba mstari urudiwe. Kijana wa Dar alianza kuandika orodha ya majina kwa mkono, na binamu yangu akamwomba ampigie picha karatasi hiyo. Karatasi ya mchezo ikawa imerudi, safari hii imeandikwa na wao wenyewe.

Barua fupi nilizirekodi. Telegramu ya Elias niliisoma mwenyewe, harakaharaka, kama mtu anayelipia kila neno. Kwa barua ya mfanyabiashara wa Cairo nilimwomba binamu yangu arekodi, kwa sababu Kiswahili chake kina lafudhi ya mtu anayeshinda siku nzima akizungumza Kiarabu.

Jambo la ukimya lilikuwa gumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, maana sijaona watu wakilitilia maanani. Katika hadithi ya kutisha ukimya ni chombo cha kazi. Mwendeshaji anasema, "Mlango uko wazi," kisha ananyamaza. Mezani wachezaji wanauona uso wake, wanaona amenyamaza kwa makusudi, na hofu inaingia yenyewe. Mtandaoni, sekunde tatu za ukimya zinafasiriwa kwa namna moja tu: mtandao umekatika. Mtu anauliza, "Halo, mnanisikia?" na kila kitu kinamwagika. Kamera hazikutusaidia sana. Zinakula bando, na uso ulioganda kwenye kioo unachekesha pale usipotakiwa kuchekesha. Dawa tuliyoipata ni sauti ya chini inayoendelea muda wote wa tukio: mvua juu ya mabati, magurudumu ya treni, mashine ya meli. Maadamu mvua inasikika, kila mmoja anajua kwamba tumeunganishwa, na mimi nikinyamaza wanajua nimenyamaza. Mvua ile imenipa tena ukimya wangu. Tangu hapo kila sehemu ya kitabu naianza kwa kujiuliza ni sauti gani ipo mahali hapo hata kama hakuna mtu anayesema.

Siri nazo zina tabia yake. Mezani mwendeshaji akimpitishia mmoja kikaratasi kilichokunjwa, wote wanaona, na kule kuona ndiko kunakowatia mashaka kuliko hata yaliyoandikwa. Mtandaoni ujumbe wa faragha unapita bila mtu kujua. Ni faida, na ni hasara pia, kwa kuwa siri ambayo hakuna anayejua kwamba ipo haimlemei mtu. Siku hizi natuma ujumbe, kisha natangaza: "Nimemwandikia mmoja wenu." Kimya, mvua. Kinachofuata ni mazungumzo bora kuliko yote niliyoyaandaa.

Dadu hazitachukua nafasi hapa. Kila mtu anarusha za kwake nyumbani na tunaaminiana. Ombi langu ni moja, kwamba kabla ya kurusha, mchezaji aseme kwa sauti anaogopa kupoteza nini. Na umeme ukikatika kwa mtu, mhusika wake anashikwa na homa na kulala, jambo ambalo mwaka 1925 halikuhitaji maelezo. Tunafungua kila kikao kwa "Paukwa!" na kila mmoja anajibu "Pakawa!" kwa zamu, hivyo maikrofoni zote zinajulikana kuwa ziko sawa, na watu wanakuwa wameshaingia hadithini.

Tulipofika sura ya Kenya, kazi iligeuka kuwa nyingine kabisa.

Kitabu kinaingia Kenya kama abiria anayeshuka melini. Kuna hekaheka za bandari ya Mombasa, kuna reli, kuna Nairobi ya mahoteli, halafu kuna mlima wa kutisha na dhehebu la Ulimi wa Damu linaloua watu. Lovecraft, ambaye mizizi ya mchezo wote ni yake, aliwaandika watu weusi kwa chuki iliyo wazi, na wasomaji wake wa leo wanalijua hilo. Watunzi wa toleo la 2018 wamefanya juhudi ya kweli kuwapa watu wa nchi wanazozipitia sura na sababu. Hata hivyo kitabu kinaandikwa kwa mtu asiyeijua Kenya, na mimi nilikuwa na wachezaji walioijua kuliko mimi.

Tulianza na treni. Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na mwaka 1925 abiria alilala njiani kati ya pwani na Nairobi. Wazungu walipanda daraja la kwanza, Wahindi kwa kawaida la pili, Waafrika la tatu. Sasa katika kundi letu, wahusika wawili ni wageni kutoka New York, mmoja ni karani wa reli mzaliwa wa Mombasa, na mwingine mpishi wa meli aliyeshuka nao. Mezani ningesema tu kwamba wamepanda mabehewa tofauti, na dakika moja baadaye wote wangekuwa wanashauriana, kwa sababu wamekaa pamoja na wanasikiana. Mtandaoni niliwafungulia vyumba viwili vya sauti. Wa daraja la kwanza hawakuwasikia wa daraja la tatu hata kidogo. Mimi nilitembea kati ya vyumba hivyo, na kila nilipoondoka, magurudumu yaliendelea kulia na wachezaji wakaendelea kuzungumza wao kwa wao.

Yaliyozungumzwa humo nimeyasikia baadaye kwa kusimuliwa tu. Wa daraja la kwanza walijadili orodha ya majina ya Elias. Wa la tatu, Mwalimu na kijana wa Dar, walikutana na mama mmoja anayekwenda Makindu, ambaye mimi nilikuwa nimemwanzisha kwa sentensi mbili na kuondoka. Wao wakamuuliza maswali na kujijibu kwa zamu kwa sauti yake, na kutoka kwake wakapata habari ya watu wanaopelekwa usiku na magari kuelekea mlimani. Habari hiyo haimo kitabuni kwa namna hiyo. Treni iliposimama Voi kwa chakula cha jioni, niliunganisha vyumba kwa dakika chache za jukwaani, chini ya taa za stesheni, kisha wale wenye haki ya kuingia kwenye chumba cha kulia wakaingia. Muuguzi, ambaye mhusika wake ni mmoja wa wageni wa New York, alisimama mlangoni muda mrefu. "Baba, na nyie mnakula wapi?" akauliza, na kwa namna alivyouliza haikujulikana ni mhusika anayeuliza au ni yeye. Programu ya kuzungumzia, ambayo ilitengenezwa ili kuwaunganisha watu, iliwatenga kwa usahihi ambao meza yangu isingeweza kuufikia.

Nairobi nayo tuliijaza. Gavana Robert Coryndon alifariki Februari 1925 na mrithi wake, Edward Grigg, akafika Oktoba. Katikati ya hapo mji ulikuwa na uvumi wa kutosha kuficha lolote. Harry Thuku alikuwa bado kizuizini mbali na Nairobi tangu Machi 1922, pale umati uliokusanyika kudai aachiwe ulipopigwa risasi, na Mary Nyanjiru akafa akiwa mbele. Hayo yalikuwa ya juzi tu. Karani wa reli anayetembea Nairobi ya mwaka huo anayajua, na anajua pia kipande chake cha utambulisho kiko wapi kila dakika. Kitabu kinamtaja Johnstone Kenyatta miongoni mwa wanaoweza kuwasaidia wachunguzi. Mwalimu alitukumbusha kwamba Kenyatta wa kweli miaka hiyo alikuwa ameajiriwa na idara ya maji ya manispaa ya Nairobi. Tukamweka hapo. Mtu wa mita za maji anaingia kila ua, anaonana na kila mpishi, na anaweza kusema ni nyumba gani inayodaiwa kukaliwa na watu wawili lakini inatumia maji ya watu thelathini. Ndivyo wachunguzi wetu walivyoligundua jengo la dhehebu. Katika mji wetu miongoni mwa waumini wa Ulimi wa Damu walikuwemo walowezi na wenye maduka pia, kwa sababu sikuona ukatili ule ukihitaji rangi moja.

Kisha tukalifikia gazeti.

Miongoni mwa vipande vya magazeti vya mchezo kuna kimoja kinachotangaza kwamba Wanandi watano wamenyongwa Nairobi kwa kuwaua watu wa msafara wa Carlyle, baada ya kesi fupi. Mchezaji wa kawaida anakipokea kama dokezo: hawa hawakuwa wauaji, basi muuaji ni nani? Na kisa kinasonga mbele. Binti alikisoma kwa sauti, kikao kikanyamaza, na hata bila ya mvua hakuna aliyedhani mtandao umekatika. Mwalimu akauliza, "Majina yao ni nani?"

Gazeti halikuwa na majina.

Nilisimamisha mchezo wiki hiyo. Tulizungumza, na mzee akatueleza anayoyafundisha na anayoyajua. Wanandi walipigana na Waingereza tangu miaka ya 1890 hadi Oktoba 1905, Richard Meinertzhagen alipomuua Koitalel arap Samoei katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya Vita vya Kwanza ardhi yao ilikatwa kuwapa walowezi waliokuwa askari. Mwaka 1923 Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa kwa tuhuma za kupanga uasi, na hakuachiwa hadi mwaka 1964, Kenya ikiwa imeshapata uhuru. Waandishi waliotaka watuhumiwa wa haraka kwa ajili ya Kenya ya 1919 walichagua watu ambao serikali ya wakati huo ingewachagua vilevile. Kwa maana hiyo kitabu kimesema ukweli, na kimeupita mbio.

Nilimuuliza Mwalimu kama angependa tuiruke sehemu hiyo. Akasema tuicheze, na kwamba yeye atakuwa mmoja wa wale watano.

Tukatenga kikao kizima kwa kesi ambayo kitabuni ni mstari. Mimi nilikuwa hakimu. Mwalimu alijitetea kwa Kinandi, na binti yake akawa mkalimani wa mahakama. Binamu yangu na kijana wa Dar walikuwa washtakiwa wenzake. Waliisikia sauti ya mzee na hawakuielewa hata neno, hali ambayo sikuhitaji kuwaeleza. Niliweka kanuni moja: hakimu anasikia kile tu anachosema mkalimani. Na kabla hatujaanza nilimtumia muuguzi ujumbe wa faragha kwamba hakimu ana haraka, na kwamba mkalimani aliyemtangulia alifukuzwa kwa kurefusha maneno. Alichofanya na habari hiyo kilikuwa hiari yake.

Mzee alizungumza kwa muda mrefu. Alizungumza kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya wazee wenzake, kwa kupanda na kushuka, akitaja, nilivyokuja kuambiwa, mahali alipokuwa siku ile, ng'ombe aliokuwa nao na waliomwona. Binti akatafsiri kwa sentensi moja: anasema hakuwepo. Mwalimu, ambaye Kiswahili chake ni bora kuliko cha sisi sote, aliisikia sentensi hiyo. Akaanza tena, polepole zaidi. Binti akafupisha tena. Mara ya tatu akatafsiri yote, kila ng'ombe na kila shahidi, sauti ikimtetemeka, na mimi kama hakimu nikamkatiza na kusema mahakama imesikia vya kutosha. Hiyo ndiyo hukumu iliyoandikwa kitabuni na sikuibadilisha. Kikao kilipokwisha baba na binti walibaki wawili chumbani mle wakizungumza kwa lugha yao, nami nikatoka.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliandika majina matano kwenye ukurasa wetu wa mazungumzo. Ni majina aliyoyatunga yeye, na sasa yamo kwenye mchezo kama ushahidi. Kitabuni, habari za miili ya msafara zinapatikana kwa Luteni Mark Selkirk, afisa aliyeikuta. Kwetu zilipatikana kwa familia za wale watano, kwa kuwa wachunguzi walikuwa na majina ya kuwaulizia. Kurasa kadhaa za Selkirk zimebaki hazijatumika, na sura imekuwa na nguvu kuliko nilivyoisoma mara yoyote.

Sasa tunakaribia mwisho. Kisa chote kinaelekea tarehe 14 Januari 1926, siku ya kupatwa kwa jua ambako kulitokea kweli: kivuli kilipita Afrika Mashariki asubuhi, kikavuka Bahari ya Hindi hadi Sumatra. Katika kitabu, siku hiyo dhehebu linafanya ibada sehemu kadhaa za dunia kwa wakati mmoja, na kundi lisilokuwa na tahadhari huchagua mahali pamoja na kuwaachia maadui mahali pengine. Wachezaji wangu wamegawanyika. Karani wa reli na mpishi wa meli wanabaki mlimani Kenya. Wageni wawili wa New York wako njiani kwenda Shanghai. Nitahitaji tena vyumba viwili, na saa zilizopishana kama zetu wenyewe, asubuhi upande mmoja na mchana upande wa pili. Kivuli kilitoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo chumba cha Kenya kitaingia gizani kwanza. Ninachokitafuta ni sauti ya asubuhi inayogeuka usiku kwa dakika chache, ndege wakiacha kulia, na bado kitu fulani kiendelee kusikika ili watu wajue nipo.

Wamebaki na ubishi mmoja. Binti anataka mlango kati ya vyumba hivyo viwili ubaki wazi saa ile, watu wa Shanghai wasikie yanayowapata wa Kenya. Baba yake anataka ufungwe, kwa hoja kwamba mwaka 1926 hakuna ambaye angesikia. Tutapiga kura Jumamosi, na mimi nimeshaandaa vikao vyote viwili.